Fundi wa Mizani na Ndege wa Kitabuni

Poleni mliokaa, poleni mliosimama. Karatasi hii waliyonipa wanangu naishika tu, kusoma sijui, nasema ninavyomjua.

Mume wangu, fundi wa mizani, alizaliwa tarehe tisa Machi mwaka arobaini na nane, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili, wa kwanza ni wifi yangu yule aliyejibanza mlangoni. Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka sitini na tatu akaingia karakana, akatengeneza mizani za maduka na za kliniki za watoto mpaka macho yalipomchoka.

Julai mwaka sabini alinioa, akaja na sanduku la nguo na sanduku la vitabu, na la vitabu ndilo zito. Vilikuwa vya zamani, vya watu wa kuangalia ndege, waliokufa kabla bibi yangu hajazaliwa, wanaandika ndege fulani ana kifua cha rangi ya chai ya maziwa, analia kama mlango uliokosa mafuta, naye ananisomea jioni nachambua mchele, tunacheka mpaka mawe yananipita. Ndege wa kweli akitua dirishani anamfukuza, "Hebu toka, unanipotezea mstari!" Namuuliza, si ndiye huyohuyo? Anasema, "Huyu hana maneno, mke wangu."

Watoto tulipata watatu, wote wako hapa, wa mwisho alizaliwa Oktoba mwaka themanini na moja, na siku hiyo wifi alikuja kunipikia uji, akakosa cha kuwashia jiko, akachana kurasa za mwisho za habari ya bwana mmoja aliyekaa kwenye matope, mvua inamnyeshea, anamsubiri ndege aliyewahi kuonwa na baba yake mara moja tu. Kama alikuja, hatukujua. Mume wangu akamwambia dada yake, "Umenipikia uji kwa ndege wangu," na tangu hapo salamu zao zikawa zinapitia kwa watoto.

Ila wanangu mnajua, kila akifika pale palipochanwa alimalizia mwenyewe, leo ndege anakuja, kesho anakuja bwana kashalala, siku fundi kakorofishwa na mteja, ndege haji kabisa. Kitabu hicho kilichochanwa ndicho tulichokisoma kuliko vyote.

Figo zilianza mwaka juzi. Jumanne iliyopita, hospitalini, alisoma mpaka kwenye matope, akafunga kitabu, nikangoja amalizie. Akasema, "Mwiteni dada amalizie, ndiye wa mwisho kuziona hizo kurasa." Wifi akafika Alhamisi asubuhi, kitanda kimeshatandikwa.

Kulia bado sijalia, sijui machozi yamekwama wapi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa viti, mafundi wenzake kwa kumbeba.

Wifi, toka hapo mlangoni, njoo ukae na mimi. Ugomvi wenu ule na mimi nimeutunza miaka yote, leo sina pa kuuweka.

Pumzika kwa amani, fundi wangu. Tumeishia pale kwenye matope, mvua bado inanyesha.