Kona Aliyoisaini Baba Apollinaire

Tarehe 30 Juni mwaka huu Baba Apollinaire Ngoie anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi: ishirini na minane kwenye reli za Katanga, minane akiongoza kikosi chetu cha barabara hapa Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi nchini Zambia. Wasifu huu nimeuandika mara mbili, kwa amri yake.

Kule Katanga alikuwa mkaguzi wa njia. Kila asubuhi alitembea kilomita kumi na mbili na nyundo ndefu, akigonga reli na kusikiliza. Mpaka leo hatua zake ni fupi, za kutoka taruma hadi taruma, zile mbao zinazolazwa chini ya reli. Mkewe, Mama Laurentine, hutangulia sokoni, akanunua samaki, wakakutana njiani Mama akiwa tayari anarudi.

Alitufundisha kwamba treni ya mizigo haiharibu reli kwa siku moja. Kwenye kona, magurudumu ya mabehewa yaliyojazwa madini kupita kiasi huisugua reli ya nje kila safari. Chuma kinalika, kokoto zinasagika, mataruma yanazama, na mpita njia haoni kitu.

Mvua za mwaka jana zilipolegeza daraja letu, aliyazuia malori ya unga wa mgao siku mbili mpaka tukabadilisha mbao. Watu walikuwa na njaa. Tulimtukana, mimi nikiwa wa kwanza.

Katika wasifu wa kwanza niliandika kwamba hakuna ajali iliyowahi kutokea mikononi mwake. Nilipomsomea, alinikatiza.

"Mufute ile," alisema. "Hugues alikufa. Ile kona, ni miye njo nilisinyaka."

Kisha akanieleza jinsi alivyoisaini. Mwaka 2011 alipima kona moja akakuta chuma kimelika kupita kiwango. Bosi wake akamwambia madini yanasubiriwa, asaini tu fomu ya ukaguzi kwamba njia ni salama, reli itabadilishwa mwezi ujao. Akasaini. Siku ya nne treni ikaanguka palepale, ikamuua dereva Hugues, baba wa ubatizo wa binti yake Keren. Reli ilibadilishwa wiki hiyohiyo.

Nimefuta, Baba. Matusi yangu ya darajani siwezi kuyafuta, nakuomba radhi mbele ya wote. Asante kwa zile siku mbili. Tunakuombea wewe na Mama Laurentine afya na usingizi mzuri. Fomu za ukaguzi sasa ziko kwetu, na siku daraja litakapokuwa bovu, hatutasaini, hata tukitukanwa.