Kahawa Ambayo Wilhelmina Hakuitafuna

Maisha ya Wilhelmina Kokulinda Kashaija (1982–2025), yaliyosomwa na dada yake, Paskazia, nyumbani kwa marehemu, Usagara, Ijumaa tarehe 21 Machi 2025

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani, nanyi mliosafiri kutoka Muleba na Bukoba, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Paskazia, mtoto wa kwanza wa mzee Yeremia Kashaija, na huyu tunayemzika leo ni mdogo wangu. Naona limefungwa turubai la pili na viti bado havitoshi. Niseme tu, maana msiba ni wetu na hakuna wa kunifukuza: miaka tisa aliyoishi kwenye nyumba hii, sikuwahi kukuta viti vyake vitatu vimekaliwa vyote. Karibuni sana. Mmechelewa, lakini karibuni.

Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya marehemu. Marehemu naye aliniachia kazi yake: niseme mbele za watu kwamba hakumkataa mwanamume aliyekuja kumposa. Jambo hilo nitalisema mahali pake. Kwanza lazima mjue habari za taya lake, la sivyo hamtanielewa.

Wilhelmina alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Yeremia na marehemu mama yetu, Bernadetta. Mwaka 1986 baba alipata kazi ya ufundi wa injini melini, familia ikahamia Mwanza, tukapanga Igogo. Wengi wenu mnamjua Wilhelmina kwa mtandio. Sisi tuliokua naye tulimjua kwa meno. Muwa alikuwa anaumenya kwa meno kuanzia juu hadi chini, halafu anatukatia vipande mimi na kaka yetu Kamugisha, kimoja kimoja, kama mama anayegawa chakula. Kwenye sherehe ya komunyo yake ya kwanza kifungulio cha soda kilipotea, akafungua chupa za wageni wote kwa magego. Mama akapiga kelele, "We mtoto, utakuja kuwa kibogoyo kabla ya bibi yako!" Watu walicheka mpaka baba naye akaweka chupa yake mbele ya Wilhelmina. Mama aliyakumbuka sana maneno yale baadaye, na hakuwahi kujisamehe, japo tulimwambia hayana kosa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Igogo, akamaliza mwaka 1996, kisha akaenda sekondari ya wasichana Bukoba na kuhitimu kidato cha nne mwaka 2000. Hakuwa wa kwanza darasani, na hakuwa wa mwisho. Alichokuwa nacho ni sauti. Akiimba sauti ya pili kwaya nzima inamsogelea. Baada ya hapo masista walimfundisha upishi kwa mwaka mmoja, akarudi Mwanza akiwa anajua kuoka keki kwenye sufuria, mchanga chini na makaa juu, keki ikatoka ya kahawia pembeni na laini katikati. Mwaka 2003 alipanga chumba Buzuruga, nyuma ya stendi, akaanza kuoka keki za harusi. Nikiwatazama hapa naona wanandoa kama kumi waliokata keki yake. Ninyi mliziona keki tu. Mwokaji aliziingiza kwa mlango wa jikoni na kutokea huko huko.

Mwaka 2005 aliota kivimbe kwenye taya la chini, upande wa kushoto. Hakikumuuma hata kidogo, na hapo ndipo kilipotudanganya sote. Alikwenda kliniki moja ambayo siitaji, wakasema ni jino, wakaling'oa. Kivimbe kikaendelea. Wakang'oa la pili. Mengine yakaanza kucheza yenyewe. Hapo kila mtu akawa daktari. Wapo waliosema amepigwa kofi la usiku na mchawi. Wapo waliosema alipokuwa mchanga hakutolewa meno ya nailoni, yale wanayosema huota kwenye ufizi wa kichanga na kumletea maradhi. Niliwauliza hao, mtoto wa mwenzao wanamjulia wapi ufizi?

Sasa nafika kwenye ndoa. Katika karatasi mliyoshika pameandikwa kwamba marehemu hakuolewa. Ni kweli. Ila alitaka kuolewa, tena na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mwalimu Renatus, aliyekaa pale safu ya tatu. Walijuana kwaya. Renatus alikuwa mpiga kinanda, na mdogo wangu alikuwa akikosea makusudi ili Renatus amrudishie wimbo yeye peke yake. Msicheke sana, na Baba Paroko alikuwa anajua.

Washenga walikuja kwetu Igogo Jumamosi tarehe 9 Desemba 2006, wakiongozwa na shangazi yake Renatus, ambaye naye ametangulia. Wahaya wenzangu mnajua, na wengine nawaeleza: kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yake na kukaushwa. Mwenye nyumba ndiye anayeanza kutafuna, ili mgeni aone haina neno. Siku ya posa kikapu hupitishwa na binti, na yeye huanza kwa niaba ya nyumba. Mama alikuwa amemwambia Wilhelmina afiche shavu kwa mtandio mpaka mambo yapite, watu wasije wakasema binti ana ugonjwa wa ukoo. Kuhusu kutafuna, hakuna aliyewaza.

Alipiga magoti, akawasalimu wageni, akachukua punje na kuiweka mdomoni. Alipoiuma, gego lililokuwa linacheza likalala. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona machozi yakimtoka bila yeye kulia. Akaitoa ile punje polepole kwa pembe ya mtandio. Shangazi akaiona.

Akasema, "Binti ametema kahawa."

Mama akamjibu, "Hapana, dada, amepaliwa."

"Aliyepaliwa hukohoa. Huyu ametema. Ama hatutaki, ama anajua kilichomo humo ndani."

Sebule nzima ikamgeukia Wilhelmina. Neno moja tu lingetosha, jino. Akamtazama mama. Mama akatazama chini. Basi akanyamaza, kwa utii, na wageni wakainuka ndizi zikiwa bado jikoni. Jamani, sijawahi kuona ndizi nyingi vile zikikosa mlaji. Tulizigawa kwa majirani, na kila jirani aliuliza kulikoni.

Renatus aliambiwa amekataliwa. Alituma mtu mara mbili kuuliza. Wilhelmina hakujibu, kwa kuwa shavu lilikuwa limeanza kupita mtandio.

Mwaka 2008 alifikishwa hospitali ya rufaa, akapigwa picha. Tulimkuta huko Dakta Nusrat, mama mpole mwenye sauti ndogo, akatuonyesha mfupa wa taya ulivyojaa viputo kama povu la sabuni. Akamwambia, "Dada Wilhelmina, hii si saratani, na hakuna aliyekuroga. Hukukosea kitu, wala mama yako hakukosea. Kuna chembe kazi yake ni kutengeneza jino. Jino likishakamilika, zinatulia. Zako zimeamka, zinajenga na kujenga, na jino halipo. Zinakula mfupa." Jina la ugonjwa huo ni ameloblastoma. Mdogo wangu akauliza, "Zitachoka lini?" Dakta akamshika mkono. "Hazichoki. Tukizikwangua zitarudi. Itabidi tuziondoe pamoja na taya."

Waliondoa taya la kushoto, kutoka karibu na sikio hadi kidevuni, wakamwekea chuma. Uvimbe haukurudi tena, na hilo tunamshukuru Mungu na madaktari. Lakini mwaka 2014 chuma kilitoboa ngozi, kikatolewa, na uso ukaingia ndani upande mmoja. Aliongea kwa shida, na hakuimba tena. Chakula chake kikawa uji, mtori, na vipande alivyokata pembeni mwa keki za watu, akavilowesha kwenye maziwa. Tena alikula polepole na kingine kilimtoka, ndiyo maana akakataa kabisa kula mbele ya mtu. Na kwetu, mtu asiyekula na watu huachwa taratibu. Hafukuzwi. Mwaliko wa kwanza anakataa, wa pili anakataa, wa tatu haumfikii.

Miaka ile ya mwanzo nilimwambia mara ngapi, "Mina, niruhusu nimwambie Renatus." Akanijibu, "Dada, akijua atakuja kwa huruma. Bora aendelee kunichukia." Mwaka 2009 Renatus akaoa. Wilhelmina ndiye aliyeoka keki ya harusi ile. Mwalimu, wewe hukujua, iliagizwa kwa jina langu. Ilikuwa na ngazi tatu, na alikesha akiipamba.

Mwaka 2016 alihamia hapa Usagara, nje ya Mwanza. Wazee wa ukoo mmeniuliza tangu juzi kwa nini hatukumpeleka kwenye kibanja, shamba la ukoo, kule Kamachumu. Kibanja chake ni hiki. Migomba mnayoiona aliipanda mwenyewe, kwa machipukizi aliyoyatoa kule kwenu. Nilipomuuliza kwa nini achague njia panda ambako hana ndugu, alisema, "Hapa watu wanapita tu." Nililia njia nzima kurudi Igogo.

Kila Pasaka na kila Krismasi alinipigia simu saa ya chakula. Haongei. Anasema, "Dada, iweke mezani nisikie mnavyokula." Tukaiweka katikati, kati ya bakuli la mchuzi na ndizi. Watoto wakazoea, wakawa wanamwambia, "Mama mdogo, sasa tunakula nyama." Naye huku ana uji wake, kwenye meza ile mnayoiona imewekewa picha yake. Tukimaliza anasema asante, anakata. Krismasi iliyopita salio lake liliisha katikati, na hakuna aliyegundua mpaka tulipotoa vyombo.

Mwezi wa pili mwaka huu alianza kukohoa. Jirani yake, mzee Masalu, ambaye kwa miaka tisa alisalimiana naye kupitia ukuta, ndiye aliyeshtuka. Aliniambia, "Mama, sikusikia harufu ya keki siku kadhaa, nikasema huyu binti si mzima." Akaita bodaboda, akampeleka mwenyewe. Madaktari walisema chakula kilikuwa kinapita njia ya hewa kidogo kidogo, kwa sababu ya taya, na mapafu yameingia homa. Waliuliza kama nyumbani kuna mtu wa kumwangalia anapokula. Wilhelmina akaangalia dirishani.

Siku mbili za mwisho alikuwa na akili zake zote. Akaniambia, "Siku ya kunizika, mwambie sasa. Sema sikumkataa. Nitakuwa nimeshalala, hatanionea huruma." Nikamwambia, "Mina, ana mke." Akasema, "Basi muulize mkewe kwanza." Alifariki dunia Jumanne tarehe 18 Machi, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Mke wa Renatus, dada Annet, nilimfuata leo asubuhi pale kwenye mafiga, nikamweleza yote. Alifuta mikono akaniambia, "Dada, sema. Na mimi nimeishi na hiyo kahawa ndani ya nyumba miaka yote hii."

Basi nasema. Mwalimu Renatus, Wilhelmina hakukukataa. Kahawa ile hakuitema kwa dharau, wala ndani yake hapakuwa na kitu. Alikutaka siku ile, na siku zilizofuata alikutaka. Taya ndilo lililokataa. Usiinamishe kichwa, baba, hakuna anayekulaumu. Alitaka ujue tu.

Marehemu ameacha baba yake, mzee Yeremia, ambaye hasikii vizuri na nitamrudia haya nyumbani. Ameacha dada mmoja, ambaye ni mimi, na kaka mmoja, Kamugisha. Ameacha wapwa watano, mkubwa wao ni Justa, aliyefundishwa kuoka keki kwa simu. Ameacha jirani, mzee Masalu, na familia inaomba akae mbele nasi.

Jeneza liko wazi, na mtandio nimeutoa, kwa idhini yake. Mtazameni bila haraka. Nyote mtakaopita mtakuta kikapu cha kahawa kimeshikwa na Justa. Desturi mnaijua, mwenye nyumba ndiye anayeanza, mgeni aone haina neno. Mwenye nyumba leo hawezi, kama ambavyo hakuweza siku ile, kwa hiyo nitaanza mimi kwa niaba yake. Renatus, utanifuata wewe.

Mungu ampokee Wilhelmina wetu, amkalishe mezani, na safari hii asile peke yake.