Pazia Mpya ya Watiri

Watiri: Haloo, studio. Ni nani?

Thuranira: Ni mimi. Haloo? Unanisikia?

Watiri: Mimi nani? Nyeri iko na mimi wengi.

Thuranira: Thuranira. Wa msitu.

Watiri: Ah, bwana misitu. Habari ya Othaya?

Thuranira: Mzuri. Niko hapa posta, kwa kibanda ya simu. Mvua imenyesha, huku ni matope tupu. Mama hajambo?

Watiri: Hajambo. Yuko hapa nyuma na ngwaci zake, hizo viazi tamu, na chai. Anasema umesalimiwa, na ati — [laini inakwaruza]

Thuranira: Ati nini?

Watiri: Nasema nimeosha filamu yako.

Thuranira: Na? Watiri, simu inakula sarafu. Sema.

Watiri: Natafuta vile nitakuambia bila wewe kulia mbele ya watu.

Thuranira: Imeungua?

Watiri: Ingeungua ningekuwa na huruma. Thuranira, hiyo maporomoko ya maji umeipiga picha ya kipande, ya kitambulisho. Umeisimamisha katikati kabisa, imeangalia mbele, masikio mawili yaonekane. Ingekuwa na kidole ungeichukua alama.

Thuranira: Lakini maji ndio mkubwa wa hapo. Mkubwa anakaa katikati.

Watiri: Na mteja atasimama wapi? Umesahau ni ya pazia? Kingori mchoraji ataichora kwa kitambaa ya ukuta mzima, niitundike nyuma ya wateja kabla ya Krismasi. Watu wamechoka na ile pazia ya ndege, wanasema wamepanda hiyo ndege mpaka wameshuka. Sasa mama ya watu anakuja na viatu mpya, anasimama katikati, na maji inamtoka kwa kichwa.

Thuranira: [anacheka] Sikufikiria hivyo.

Watiri: Geuza kamera kidogo, maji iende upande wa kulia. Huku kushoto uache majani na ile giza ya miti, mahali mtu anaweza kusimama. Na chini uweke mawe, ndio macho ipate mahali pa kuingilia.

Thuranira: Na mbingu?

Watiri: Ya nini? Toa. Hiyo nyeupe ya huko juu inavuta macho kama shati imeanikwa.

Thuranira: Sawa. Lakini maji yenyewe ilitoka vizuri, si ndiyo? Nilingoja mpaka jua ikatoka.

Watiri: Nilijua. Mchana, jua ya utosi.

Thuranira: Si wewe unaambiaga wateja wasimame kwa jua?

Watiri: Wateja hawana povu, Thuranira. Maji imetoka nyeupe pe, na miti nyeusi tii. Kingori ameangalia, akaniuliza kama ni moshi ya kiwanda ya chai.

Thuranira: Huyo Kingori naye —

Watiri: Mwache Kingori. Ungoje mawingu. Ama uende asubuhi, jua haijaingia huko bondeni. Na ile mita ya mwanga usiielekeze kwa maji, itakudanganya. Kwa miti pia itakudanganya. Elekeza kwa jiwe, ile ya kijivu imeloa maji. Mwanga yake ndio ya katikati.

Thuranira: Jiwe imeloa. Na ule mwendo wa kufungua?

Watiri: Polepole. Nusu sekunde, na tundu ya lenzi uifunge mpaka kumi na sita. Maji itakuwa laini kama uji ikimwagwa. Lakini kamera ikae kwa miguu yake mitatu. Hii filamu uliishika na mkono, kila jani iko na pacha.

Thuranira: Miguu mitatu ni mizito kwa huo mteremko.

Watiri: Pole. Na upanguse lenzi, hayo matone yameingia kwa picha kama tetekuwanga.

Thuranira: Nimeshika.

Watiri: Umeshika? Hii yote nilikuambia filamu ya kwanza. Nikakuambia tena ya pili.

Thuranira: Uliniambia.

Watiri: Mama anasema hakuna mtu mjinga namna hiyo. Ati mtu anaharibu filamu ndio arudi kuambiwa tena.

Thuranira: Mama yako anasema mengi.

Watiri: Ni ya ukweli?

Thuranira: Haloo? Laini inakwaruza.

Watiri: Huku haikwaruzi.

Thuranira: Watiri, ya kesho siwezi kuharibu. Hakuna ingine. Nimepata transfa.

Watiri: Ya wapi?

Thuranira: Kwetu, Meru. Naripoti Jumatatu.

Watiri: Jumatatu hii?

Thuranira: Hii.

Watiri: Na hukuanza na hiyo. Umeniacha nikufundishe mambo ya mawe.

Thuranira: Ulikuwa unanicheka. Sikutaka uache.

Watiri: Sasa nimeacha.

Thuranira: Ndio maana. Kesho nikishapiga nitakuletea filamu, na kamera yako.

Watiri: Kamera unaweza kukaa nayo. Huko kwenu hakuna maji?

Thuranira: Iko mingi. Nani ataniambia vile imeharibika? Ngoja. Kuna mzee anagonga kioo. [sauti kwa mbali] Dakika moja, mzee. Ii, ndio. Ni yeye.

Watiri: Ni yeye nani? Unaambia watu nini huko?

Thuranira: Anataka kuita daktari wa ng'ombe. Anasema kama ni mambo ya ndoa niseme haraka, ng'ombe yake haiwezi kungoja.

Watiri: Na ni mambo ya ndoa?

Thuranira: Nimebaki na sarafu moja.

Watiri: Sikuuliza sarafu.

Thuranira: [laini inakwaruza] Huko Meru kuna chumba nimeulizia. Mbele inaangalia barabara, watu wa soko wanapita hapo. Nyuma kuna kingine kidogo. Nikawauliza kama hicho kidogo kiko na dirisha.

Watiri: Dirisha ya nini?

Thuranira: Ndio usifanye kazi kwa giza.

Watiri: Thuranira. Hiyo ndio chumba ya kuosha picha. Inataka giza.

Thuranira: Basi nitaiziba.

Watiri: Umeulizia chumba kabla ya kuniuliza mimi?

Thuranira: Chumba haiwezi kunikataa.

Watiri: [anacheka kidogo] Hii studio nimeijenga na mikono yangu. Walisema mwanamke hawezi kazi ya kamera, na leo hao ndio wananiletea watoto wa ubatizo. Siwezi kufunga tu kwa sababu serikali imekuhamisha.

Thuranira: Najua. Ndio maana nimeogopa kuuliza.

Watiri: Na mimi nimeogopa hutauliza.

Thuranira: Nafikiria kesho. Hapo kushoto kwa miti, niache nafasi ya mtu mmoja, ama?

Watiri: Wawili.

Thuranira: Wateja wawili.

Watiri: Aca, hapana. Mimi na wewe. Tuwe wa kwanza, kabla ya mteja yeyote. Lakini wazee wenu waje kwa mama kwanza. Mimi siwezi kusimama kwa picha na mwanaume hajulikani nyumbani.

Thuranira: Watakuja. Baba atakuja mwenyewe. Mama yako hatakataa Mmeru?

Watiri: Tangu filamu ya pili anauliza kama watu wa kwenu wanakunywa chai na sukari. Mtu wa kukataa haulizi hivyo.

Thuranira: Na studio?

Watiri: Murugi atabaki nayo. Dada yangu anajua kuosha kunishinda, ni vile tu hapendi kuongea na watu. Hiyo pazia ya maji nitaikunja nije nayo.

Thuranira: Utakuja nayo. Wewe.

Watiri: Si itajileta yenyewe?

Thuranira: Watiri, nimefurahi. Sijui vile nitasema. Mzee hapa anacheka, nafikiri amesikia yote —

Watiri: Mwachie simu, ng'ombe yake inateseka.

Thuranira: Sarafu inaisha. Kesho alfajiri niko kwa maji, na jioni niko kwenu. Hii siharibu, nakuahidi.

Watiri: Ukiharibu, kuja tu.

[laini inakatika]