Landrova Iliyoinuliwa Nyumbani

Katika basi la kutoka Embu niliketi nyuma ya mama mmoja wa Kiritiri, Ciakuthii. Alikuwa akimsimulia jirani yake, fundi wa magari kutoka Nkubu, jinsi mumewe alivyoinua Landrova yao mwenyewe ili isikwame tena katika mchanga wa mtoni.

"Aliitegemeza kwa magogo, akatia springi ndefu," alisema kwa fahari. "Leo wazee wanaopeleka mahari wameipanda kwa kiti cha jikoni! Mimi nikasema gauni langu haliwezi, nitatangulia na basi, yeye awaendeshe."

Fundi alicheka, kisha akauliza, "Na mipira ya breki, mama, aliibadilisha?"

"Kwani breki nazo huinuliwa?"

"Gari likiinuliwa, mpira unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni hubaki mfupi. Gurudumu likishuka shimoni, unavutika. Unaweza kukatika, na breki zisishike."

Mashimo ya barabara ile tulikuwa tumekwisha kuyajua kwa mifupa yetu.

"Mpigie simu asimame," fundi alisema.

"Ninapiga. Mbele ya wazee hashiki simu. Anasema ni kukosa adabu."

"Basi mpigie mzee mmojawapo."

"Hao nao wamezima zao, kwa heshima ya wakwe."

"Labda aliibadilisha," fundi alisema, kwa sauti ya mtu anayejuta kuuliza.

Basi liliposimama Runyenjes, wanawake wa upande wa bibi harusi walimpokea Ciakuthii kwa vigelegele. Aliwakabidhi kiondo chake bila kuwasalimu, akasimama kando ya barabara, akitazama kule tulikotoka.