Fundi Kalibu, Mtu Asiyejua Kukaa

Ndugu waombolezaji, mlioko nyuma sogeeni, maana anayesoma ni mdogo wake marehemu na sauti yake mnaijua, naye ameombwa na shemeji yake, mjane, asifiche kitu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kalibu, alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa pili wa fundi cherehani, na mama yetu aliapa kwamba mtoto huyu alitembea kabla ya kukaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akihamishwa dawati kila muhula kwa kutotulia, kisha akaingia shule ya ufundi, akahitimu Novemba 1976.

Tarehe 14 Februari 1977 aliajiriwa na kiwanda cha chupa, upande wa kalibu, yaani vile vyuma vinavyoipa chupa umbo, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Zamu yao ilikuwa ya watu wanne, yeye, mtu wa tanuri, mkaguzi tunayemwita Mama Jicho, na mfungaji wa maboksi, nao walikuwa na sheria ambayo hawakupewa na mkubwa yeyote, kwamba chupa ikitoka na ufa wote wanakusanyika hapo hapo, na ni marufuku kuuliza kosa ni la nani mpaka chupa zitoke safi, na zikishatoka safi hakuna aliyekuwa na hamu tena ya kuuliza. Mwaka 1995 alipewa usimamizi, lakini kiti cha ofisini kilimtia wazimu, na kazi yenyewe ilikuwa kutafuta wa kulaumiwa, kwa hiyo akaomba arudishwe kwenye mashine, na shemeji alinuna wiki nzima, haki yake, maana nyumba ilikuwa bado haijapigwa lipu.

Ndoa walikuwa wamefunga tarehe 22 Septemba 1984, bwana harusi akichelewa kwa sababu ya kalibu iliyokwama, jambo alilosamehewa ila halikusahauliwa, wakajaliwa binti wawili, mvulana mmoja, na wajukuu watano.

Alistaafu tarehe 3 Juni 2018, na lo, tulikoma! Alifungua vitasa vyote akavirudisha, akahamisha kabati chumba hadi chumba, akamfuata mkewe jikoni kumfundisha kupanga sufuria, na saa ya kubadilishana zamu alisimama dirishani, hali chakula, ukimwambia apumzike anakufokea. Januari 2022 kiwanda kilimwita tena kwa mkataba, kwani wale wapya kila mtu alijali sehemu yake tu na chupa zilikuwa zinarudishwa, watoto wakapinga, lakini mkewe ndiye aliyemtolea buti uvunguni na kumwambia nenda, na jioni ile alirudi mchafu, hoi, akisimulia huku mdomo umejaa chakula.

Machi 2023 alianza kuishiwa pumzi, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 9 Aprili kwa ugonjwa wa moyo, na tarehe 2 Mei, alfajiri, akatutoka.

Tangu hapo shemeji hana raha, anamuuliza kila anayeingia kama yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma mumewe kifoni, na wapo ndugu, wanajijua, waliothubutu kunong'ona hivyo hivyo. Basi wasikie leo, daktari ametuambia sote kwamba moyo ule ulianza kuchoka kabla hata hajastaafu, na jana Mama Jicho alikaa na mjane mkekani, akamweleza kwamba marehemu alikuwa akiwatambia vijana wa kiwandani kuwa yupo pale kwa sababu mkewe anamjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Shemeji alilia sana, kisha akaomba chai, ya kwanza tangu msiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia mgonjwa aliyeshuka kitandani kila walipogeuza kisogo, majirani mliotuletea viti, maji na kuni bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, wa zamani na wapya, mliotushika mkono.

Hapa mwisho tulikuwa tumeandika kwamba apumzike kwa amani, lakini shemeji amelikata neno hilo kwa kalamu yake, anasema ndilo lililokuwa likiwagombanisha, kwa hiyo kaka, nenda kwa amani, mkeo amekuruhusu.