Muzee Zorobabel Muyisa na Tembo za Njia ya Kasindi

Bandugu katika Bwana, pasteur, bazee wa kanisa, majirani, na ninyi bote mulioacha mashamba leo kuja kulia pamoja nasi, familia inaomba mukae vizuri, musikilize maisha ya muzee wetu vile yalivyokuwa, hapana vile batu ba ku soko banavyoyapika.

Zorobabel Muyisa alizaliwa Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, tarehe 3 mwezi wa sita 1946, mutoto wa ine wa Ésaïe, mulimaji wa kahawa, na siku ile yenyewe, mama yake aliisimulia mupaka kufa kwake, nyani mumoja muzee aliingia jikoni muchana kweupe, akakaa kando ya moto sawa mugeni aliyealikwa, akala ndizi zote za mama muzazi, akatoka bila kugusa mutu, na bamama waliokuwa pale bakasema mutoto huyu amesalimiwa.

Alisoma primaire ku mission ya Mutwanga, toka 1953 mupaka 1958, akafika mwaka wa tano, na hapo akaacha, yeye alisemaka ni juu ya nyati mumoja aliyelala katikati ya njia ya masomo juma mbili nzima, lakini tunaomba ruhusa ya marehemu tuseme ukweli, nyati aliondoka siku ya tatu, kilichobaki katikati ya njia ni fractions za hesabu.

Tarehe 1 mwezi wa tatu 1968 aliingia kazi ya cantonnier, maana yake mutu wa kuchunga njia kwa jembe na mupanga, wakamupa kilometa sita ku njia ya Beni–Kasindi, pale inapokata Parc, lile pori ya nyama, mbele ya kufika daraja ya Semuliki, na zile kilometa sita alizichunga miaka makumi tatu na ine, bakubwa bakabadilika, bendera ikabadilika, yeye akabaki na mifereji yake. Pale aliona mambo ambayo sisi ba centre-ville tunaonaka ku calendrier tu, aliona chui amekaa juu ya buse, bomba ya maji chini ya njia, saa sita ya muchana, analamba mukono, anamuangalia sawa chef anavyoangalia mutu aliyechelewa ku mukutano, aliona kiboko anatembea katikati ya njia mu mvua, bila haraka, na malori mawili nyuma yake polepole sawa batu ba mazishi, na kila mara alivua kofia, mais hakukimbia hata siku moja.

Tarehe 21 mwezi wa nane 1971 alifunga ndoa kanisani, hapa Beni, na mama Agar, binti wa mupasuaji mbao wa Mangina, mwenye kukaa hapa mbele yenu. Mutu huyo wa chui na kiboko, siku ya kupeleka mbuzi za mahari, alikataa kabisa kushuka ku pick-up, juu baba mukwe alikuwa na dindon, bata mzinga, mumoja mukali uani, na mama Agar mwenyewe alitoka, akakamata dindon kwa shingo, akasema, "Shuka sasa, bwana arusi, adui yako nimemufunga," na bamama ba Mangina bakapiga vigelegele mupaka baba mukwe akasahau hotuba yake. Mungu aliwapa batoto sita, wawili walitangulia wangali badogo, wanaobaki ni Éliakim, Eliane, Timothée na Sagesse, na bajukuu kumi na moja.

Vita ya kwanza ilipofika mu 1996, na ya pili mu 1998, batu ba bunduki balijaa ndani ya Parc, na nyama za pori, kwa kukimbia milio, zikaja karibu na sisi batu. Tembo zilianza kusimama ku njia muchana, zikafika mupaka mu mashamba ya muhogo pembeni ya Beni, na tarehe 9 mwezi wa kumi 1999, lori ya chauffeur Ananie, yenye maharagi na abiria, ilikutana na tembo mama ku kona, tembo akaegemeza kichwa ku mulango, akaisukuma polepole mupaka mu mufereji, abiria wawili bakavunjika mikono, na ule mufereji ulikuwa wa Zorobabel, njo maana alilia.

Toka siku ile alipanga kazi mupya ambayo hakuna mukubwa aliyemutuma. Kila asubuhi alitembea kipande chake chote, akikuta mavi ya tembo anaingiza kidole kupima moto, mavi ikiwa ya baridi anaendelea, ikiwa na moto anakata matawi ya miti, anayalaza ku njia, huku na huku ya ile nafasi. Ninyi bote munajua, kwetu matawi ku njia inasema lori imekufa mbele, donc ili bachauffeur wasichanganye, aliweka juu ya tawi donge moja la ile mavi, na bachauffeur bakajua, tawi tupu ni panne, tawi yenye mavi ni tembo, simama, zima moteur, ngojea wenye njia wapite. Mwaka na miezi mitano hakuna lori ingine iliyosukumwa.

Lakini mwanzo wa 2001 kulifika ku position ya daraja, kambi ya kulichunga, basoldat bapya, na commandant wao aliitwa Kabongo, mutu wa Kasaï, mbali na kwetu, na zile siku wezi walikuwa wamenyanganya magari mawili ku kipande kilekile. Kabongo aliona malori yanasimama yenyewe ku matawi, bachauffeur bamezima moteur, bamekaa kimya sawa batu wanaongojea kitu, akauliza ni nani anayekata haya matawi, na siku ya kwanza ya juma ile, hapana, ilikuwa ya pili, mardi tarehe 13 mwezi wa tatu, balimukamata Zorobabel na mupanga wake mu mukono, bakamufunga, bakasema yeye njo anayesimamishia wezi magari, na mutu wa namna ile anapigwa risasi.

Siku ileile mama Agar alitembea kwa miguu mupaka position, na sahani ya maharagi ku kichwa, na yale maneno yake tunayajua bote.

"Mama, bwana yako anafunga njia," Kabongo akamuambia.

"Commandant, bwana yangu anafungua njia toka 1968, wewe ulikuwa ungali ku mugongo ya mama yako."

"Na mavi ku matawi ni ya nini? Ni dawa?"

"Ni ya tembo, papa. Ulizia tembo."

"Mimi sijaonaka tembo. Nilionaka ku kitabu ya masomo tu."

"Basi hapo tunaelewana," mama Agar akasema, "unataka kuua mutu juu ya kitu ambacho haujui."

Basoldat balicheka, Kabongo hakucheka, akasema kesho kutwa watapeleka mufungwa mahali alipoweka matawi ya mwisho, kama tembo iko, atarudi na bibi yake nyumbani, kama tembo haiko, mama asirudi tena kuuliza.

Jeudi tarehe 15, saa moja ya asubuhi, balipanda pick-up, Kabongo, basoldat sita, Zorobabel mikono nyuma, na mama Agar ambaye hakuna mutu aliyemualika wala aliyeweza kumushusha. Balifika, matawi yamekauka, mavi imekauka, njia nyeupe, hakuna hata alama ya mguu mumoja ku mavumbi, bakangoja mupaka saa mbili, mupaka saa tatu, soldat mumoja akaanza kuangalia miti sawa mutu anayechagua mumoja wa kumufungia mufungwa, mama Agar akaimba wimbo wa kanisa akasahau maneno. Zorobabel akasema kwa sauti kidogo, "Zimeni moteur." Bakazima. Ndege zilikuwa zimenyamaza, na mu majani kulisikika kitu kinanguruma chini-chini, sawa mashini ya kusaga unga iliyo mbali, ni tumbo za tembo, bandugu, tembo ikitembea haina kelele, ni tumbo njo inasemaka.

Akatoka tembo mama wa kwanza, sikio ya kuume imepasuka mupaka chini, akasimama katikati ya njia, na nyuma yake wakaanza kuvuka, bakubwa, bakati, batoto wanaoshika mukia, mavumbi ikapanda, udongo ukatetemeka chini ya miguu, batu ba ku pick-up walihesabu mupaka makumi ine na moja wakashindwa, na zilikuwa zinaendelea. Basoldat wane balikuwa tayari chini ya pick-up, na commandant, tunasema hii kwa heshima, alikuwa ameshika kitenge ya mama Agar kwa mikono miwili. Ule mama wa sikio akamufikia Zorobabel, ambaye alikuwa amesimama peke yake mbele, kamba ku mikono, akanyoosha mukonga, akamunusa toka miguu, magoti, kifua, mupaka kichwa, pumzi yake ikaangusha kofia, na akabaki pale, jicho moja lenye maji na manyoya marefu linamuangalia, muda ambao mama Agar anasema mutu angemaliza kusema Baba Yetu mara mbili. Soldat mumoja akainua bunduki, Kabongo akaishusha kwa mukono wake mwenyewe mupaka mudomo wa bunduki ukagusa udongo, akasema, "Wacha. Hii hapana kitu ya kupiga."

Tembo akageuka, akafuata benzake, kisha Kabongo akavua béret, akafungua kamba yeye mwenyewe, na ile kamba alishindwa kuifungua mara tatu, ya ine ikaachia.

Furaha haikudumu. Basoldat balisimulia, soko ikaongeza chumvi, mbele ya mwisho wa mwezi ilisemwa ku Beni na ku Butembo kwamba Zorobabel ana dawa, kwamba alinongonezea tembo neno, kwamba ana bibi wa pili mu Parc mwenye masikio makubwa. Baraza ya kanisa ikamuita, bamoja wao wako hapa tunawaona, bakamuuliza alisema neno gani, na yeye akanyamaza, bakamuondoa ku meza ya Bwana miezi mitatu, akakubali, akakaa ku benchi ya nyuma kila siku ya Mungu, kofia ku magoti, bila kujitetea. Ilimuumiza kuliko kamba, tunajua, na hata alipokaribishwa tena, batoto ba masomo waliendelea kumufuata ku njia wakimuita enzoghu, tembo.

Ugonjwa wa ini ulimuanza mwezi wa tano mwaka huu, 2002, alitunzwa ku Mutwanga, tarehe 2 mwezi wa kumi akapelekwa hospitali ku Butembo, na jumamosi tarehe 16 mwezi huu wa kumi na moja, Eliane akiwa anamunawisha, alimuuliza kile kitu sisi bote tuliogopa kumuuliza, papa, siku ile ulimuambia tembo nini?

"Sikusema neno," akajibu. "Hata maombi sikukumbuka. Pumzi yake iliponifikia, ilikuwa na moto na harufu ya majani, nikaona vile niko mudogo, na ikanifurahisha, nikasahau kabisa kama kuna batu wanataka kuniua. Sasa ningesema hivyo ku baraza? Wangenipa miezi sita."

Akacheka mupaka akakohoa, na kesho yake, dimanche tarehe 17, saa ine ya asubuhi, alitutoka, akiwa na miaka makumi tano na sita.

Familia inashukuru banganga na bainfirmier ba Butembo na ba Mutwanga, majirani walioleta kuni, maji na ndizi, bacantonnier benzake walioshika jembe toka asubuhi, chauffeur Ananie aliyemurudisha nyumbani mu lori yake bila kupiga honi hata mara moja, kanisa iliyokuja leo na bazee wake bote, na ndugu Kabongo, ambaye leo hana tena uniforme, amekaa kule nyuma na batu ba familia, na hapo njo mahali pake.

Muzee Zorobabel, wewe uliyeogopa dindon peke yake, lala sasa na amani ya Bwana, vua kofia, umefika mbele ya ule Mukubwa mwenyewe, na sisi tungali ku njia.