Matone Yaliyonywewa na Nyasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, ila nikinyamaza katikati msinianzishie pambio, nisubirini tu.

Mnanifahamu, mimi ni dereva wa bodaboda hapa hapa Kamuli. Mama yangu mlimfahamu zaidi, maana alikaa benchi lile la pili, upande wa dirisha, miaka yote. Baba alishatangulia, dada yangu ameolewa Bweranyange, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama.

Mama alikuwa mtu wa zamani. Sebule yake haikuwa na zulia. Kila Jumamosi alitandika nyasi kavu sakafu nzima, kama alivyofundishwa na mama yake, na ole wako uingie na viatu. Basi mimi navua viatu mlangoni, halafu naingiza pikipiki. Mnacheka? Haya, anyooshe mkono ambaye pikipiki yake inalala nje.

Msimu ule wa kahawa pikipiki ikaanza kunuka petroli, kunuka kweli, hadi abiria wanaziba pua. Nikakagua mfuniko wa tangi, nikakagua mpira wa mafuta, vizima. Kila asubuhi nikawa nainama sebuleni kutazama chini yake. Hakuna hata tone. Nikamweleza fundi wangu kule Isingiro, akaniambia harufu kali namna hiyo haitoki hewani, mafuta yanamwagika mahali. Akasema nifunge koki ya mafuta kila ninapoegesha, na nimwachie pikipiki siku moja aifungue kabureta. Koki yangu ilikuwa ngumu, inataka koleo. Na kuiacha siku nzima msimu wa kahawa, abiria wamejaa? Nikasema msimu ukiisha. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Yangu hayakunifuata mimi.

Mama naye alilalamika kwamba nyumba inanuka. Nikamtania, nikasema, mama, hiyo ndiyo harufu ya hela ya chumvi na sabuni. Akafungua dirisha, hakusema tena.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa naoga nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mama akawasha pasi ya mkaa jikoni, akaingia nayo sebuleni kuninyooshea shati jeupe la kuja nalo hapa. Nadhani aliipuliza, cheche zikaanguka kwenye nyasi. Nilisikia mlio mmoja mzito. Nilikimbia na sabuni usoni. Ndugu zangu, nilimtoa, lakini nilimtoa kwa kuchelewa.

Aliishi siku tatu hospitali. Siku ya pili aliniuliza, "Mwana wange, shati limepona?" Nikamwambia limepona. Nilimdanganya mama yangu.

Na mazishini nikafanya baya zaidi. Mzee mmoja alisimama akawaonya kina mama wawe waangalifu na pasi za mkaa, uzee na moto haviendani. Wote mkaitikia. Mimi nikaitikia pamoja nanyi. Nilijua nyumba ilikuwa inanuka, nikaitikia. Moyoni nilikuwa na kinga yangu moja: niliinama kila asubuhi, sikuona tone.

Mwaka mzima sikugusa pikipiki. Nilikonda, ibada nikaacha. Fundi yule ndiye aliyekuja kunichukua, akaniweka karakana kwake niwe namshikia spana. Siku moja ikaletwa pikipiki inayonuka petroli, mwenyewe anaapa haivuji. Fundi hakubishana. Aliiegesha kwa stendi ya pembeni, akaacha koki wazi, akalaza boksi kavu chini yake. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, boksi lilikuwa limelowa doa la ukubwa wa kisahani. Akafungua kabureta, akanionyesha kile kisindano cha kuzuia mafuta: ncha imelika, haizibi, mafuta yanafurika na kutoka taratibu kwa mpira wa chini. Akasema kwenye udongo mkavu au majani usingeona kitu, vinakunywa mafuta yote.

Nikakaa chini. Nyasi za mama. Kila Jumamosi anatandika, na kila siku zinakunywa, na mimi nainama juu yake nasema hakuna tone.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Bweranyange, nikamkuta dada anaanika kahawa. Nikamweleza yote. Mkono wake ulibaki kwenye kahawa. Kisha akasema, "Mama alijua. Aliniambia hospitali, ile pikipiki ilimwaga mafuta, lakini waache waseme ni pasi. Mdogo wako akijua, hatakula tena."

Nililia mbele ya shemeji yangu na watoto wake, sikuona aibu. Dada alinipikia ndizi, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza sahani.

Namshukuru dada yangu. Namshukuru fundi, na nyinyi kina mama mliotuletea maji na kuni siku zile zote, ilhali mimi nawaficha ukweli. Nyinyi madereva wenzangu mliokaa kule nyuma, nawaambia: ukisikia harufu, usiamini macho. Egesha nje, laza boksi kavu chini, subiri. Funga koki. Kama ni ngumu, nenda leo. Msimu utakuja mwingine.

Jana nilitandika nyasi mpya sebuleni. Ilinichukua mchana mzima, sikujua ni kazi kubwa hivyo. Pikipiki yangu ya sasa ina banda lake nje.

Nimebakiza ombi moja. Mama alibeba lawama hii ili mimi nile. Nimekula, nimepona, inatosha. Mkimkumbuka, msiseme tena ni yule bibi aliyezembea na pasi. Semeni ni yule aliyekuwa anamnyooshea mwanawe shati la kanisani.